Nilimwomba Ombasha Asimfungue Ndugu Yangu

Kuna siku nilijifunga kaniki yangu vizuri, nikaenda mpaka nyumbani kwa askari mshika funguo, nikapiga magoti mlangoni pake.

Nilimwomba ndugu yangu asifunguliwe mnyororo.

Naam, umesikia sawasawa. Asifunguliwe. Abaki vilevile na chuma shingoni.

Mama yangu mzazi alinilaani kwa maneno yale. Mtaa mzima hapa Kivinje ulisema nimerogwa, na wengine wakasema mchawi ni mie mwenyewe. Nikanyamaza. Na kunyamaza, jamani, si kazi ndogo kwa mdomo kama huu wangu.

Tulia nikupe kisa.

Jina langu Mastura. Kazi yangu ilikuwa kufungua mikufu. Usicheke! Kuna wanaosuka ukili, kuna wanaokaanga vitumbua, mie nafungua mikufu iliyotatizana.

Mkufu mwembamba wa fedha ukiutia kwenye kisanduku na wenzake, kesho yake unakuta donge moja. Ukivuta tu, umekwisha. Kila fundo linakaza fundo jingine.

Wanawake wa mjini wanavuta, wanalia, wanawagombeza watoto, halafu ndiyo wananikumbuka.

Mie nakaa ukumbini kwetu. Natandika mkeka, naweka sinia, namwaga unga wa mchele juu yake, naliweka donge katikati. Mkononi nina miiba miwili ya mlimau, basi. Fundo likikaidi nalipa tone la mafuta ya nazi.

Havuti mtu hapo. Unachokonoa, unalegeza, unangoja.

Siri yenyewe ni kukitafuta kishikizo, ile ndoana ndogo inayofunga mkufu nyuma ya shingo. Ukikipata hicho umeukamata mkufu kichwa, uliobaki unakuja wenyewe.

Sasa huo ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya maji vianze. Pwani bunduki zilikuwa zimenyamaza, njaa ndiyo iliyotushika. Mashamba ya Umatumbi yamechomwa, mtama haushuki, watu wazima wanachimba ming'oko porini kama nguruwe.

Na ndugu yangu Mfaume yuko kwenye mnyororo.

Mfaume ndiye wa pekee niliyebaki naye kwa baba na mama. Alikuwa amekwenda Kipatimu na mizigo ya papa mkavu, biashara zake za siku zote, vita vikamkuta huko huko. Aliposhuka akakamatwa njiani. Shingoni alikuwa na mkufu wa mama, na kwenye mkufu kuna kitete, kipande kidogo cha tete, chenye ile dawa ya maji ya kugeuza risasi.

Aliiamini au hakuiamini, sijui. Kule ukikataa kuvaa, wapiganaji wenyewe wanakumaliza kabla ya Mdachi, yaani Mjerumani.

Na mikufu ile, wakati ule wanaume wengi waliivaa. Mama anavua shingoni mwake, anamvalisha mwanawe, anamtungia hirizi na kitete. Ndiyo kinga hiyo. Kila mama alikuwa na mkufu uliokwenda vitani.

Basi Mfaume akapelekwa kambini, nje ya mji, njia ya milimani, walikokuwa wakichonga barabara. Watu kumi na zaidi kwenye mnyororo mmoja, shingo kwa shingo. Anayekwenda haja, wote wanakwenda.

Lakini hatukukata tamaa. Kwa nini? Kwa sababu watu wa kunyongwa walikuwa wakiletwa mjini. Mchana kweupe, baragumu linalia, na sisi tunatolewa majumbani kwenda kutazama. Kwa hiyo sote tukajua: aliye kambini si wa kunyongwa. Wa kambini atavunja mawe, mwisho wake atafunguliwa.

Na kweli, kila wiki habari inakuja.

"Ijumaa wamefunguliwa watano!"

Vigelegele mtaa mzima. Waliofunguliwa wenyewe hatukuwaona, tukasema ni watu wa bara, wamekwenda zao kwao. Nani apite mjini kwa Mdachi na alama ya chuma bado mbichi shingoni?

Sasa ndipo akaja Bi Samia.

Bi Samia alikuwa mke wa ombasha. Ombasha ni askari mwenye cheo, na huyu ndiye aliyeshika funguo za minyororo kule kambini. Alikuja na mkewe toka Tabora, binti mdogo bado, mpole, Kiswahili chake cha bara, na mimba yake imeshakuwa kubwa.

Hakuna aliyemsemesha mjini. Nani atake shoga mke wa askari? Mie tu ndiye niliyekuwa namjibu salamu, kwa sababu mie sijui kununa na mtu asiyenikosea. Akanipenda. Akawa haishi kuja kwetu.

Siku hiyo akaingia na kitambaa, akakifungua mbele yangu.

Toba! Donge la mikufu kubwa kuliko ngumi zangu mbili. Fedha tupu, na mmoja mmoja wa dhahabu unameremeta ndani.

"Dada Mastura, imenishinda," akasema. "Ilikuwa imetupwa tu kwenye mfuko wa posho. Nataka nivae siku ya kumtoa mtoto nje."

"Umeitoa wapi yote hii, mwanamke wewe?"

Akatabasamu. Akainamisha kichwa, unajua vile mtu anavyojivunia mumewe na hataki aonekane anajivuna.

"Watu wanamshukuru mume wangu. Akishawafungua, wanampa."

Mama alikuwa jikoni. Alivyotoka, sijui kama alikanyaga chini.

"Mwanangu Samia! Mume wako ndiye anayewafungua?"

"Ndiye, mama. Kila Ijumaa. Akirudi ananiambia, leo nimefungua watano. Hawezi kula siku hiyo, anachoka sana."

Mama akashika miguu yake. Mama yangu mtu mzima, akashika miguu ya mtoto wa juzi. "Nina mwanangu mle. Anaitwa Mfaume."

Bi Samia akaona haya, akamwinua. "Usifanye hivyo, mama. Dada Mastura atanifungulia mikufu yangu, na mie nitamwambia mume wangu amfungue kaka yenu. Ijumaa hii hii."

Mama akapiga kigelegele, na saumu yake mdomoni. Ndiyo, ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Akasema mwanawe atakula Idi nyumbani.

Kigelegele kikapita ukutani kwa jirani, Kijakazi akaja mbio. Kijakazi ndiye shoga yangu wa tangu utoto. Mumewe Tawakali alikuwa kwenye mnyororo ule ule na Mfaume.

"Na wangu, shoga. Nisemee na wangu!"

"Ngoja huyu atoke kwanza, Kijakazi. Tusimchoshe mtoto wa watu."

Akakubali, ila alinuna.

Nikaanza kazi. Siku ya kwanza nilikuwa nafanya huku naimba. Unga, miiba, taratibu. Donge likaanza kuachia, mkufu wa kwanza ukatoka, nikaulaza kwenye kanga. Wa pili ukatoka. Wa tatu.

Kuna kitu kikaanza kunisumbua.

Nakipata kishikizo, kimefungwa. Nafuata mkufu, nakuta umekatika pembeni. Mwingine, kishikizo kimefungwa, mkufu umekatika. Mwingine, vilevile.

Mtu akikupa mkufu wake kwa shukrani, atafungua kishikizo, atauvua, atakupa kwa mikono miwili. Hii ilikuwa imenyofolewa.

Nikajiambia, Mastura, acha kiherehere. Pengine lile lichuma la shingoni ndilo linaloikata.

Nikaendelea. Ndani kabisa ya donge nikakuta kitete. Kitete cha dawa ya maji, bado kimening'inia kwenye mkufu wake, nta haijabanduliwa.

Hapo miiba ikasimama.

Fikiria na wewe. Mtu amekamatwa na dawa yake shingoni. Wenzake wamekufa, yeye amepona, amefunguliwa, anarudi kwao. Kwa akili yake si dawa ndiyo iliyomponya? Sasa aiache kwa askari?

Nikasema hapana, siwazi hayo. Mie nataka ndugu yangu atoke. Ukitaka jambo sana unakuwa kipofu, na mie nilikuwa kipofu na macho yangu yote.

Alhamisi asubuhi Bi Samia akaja tena, kabeba kikapu kichwani.

"Nimemletea kaka yenu nguo za kurudia. Mchagulie."

Akamimina mkekani. Kanzu, vikoi, hirizi zimekatwa uzi. Na kofia. Kofia, jamani, za viua, zimeshonwa kwa mkono, zimefuliwa safi.

"Za nani?"

"Za waliofunguliwa. Wanaziacha. Mume wangu anasema wakishafunguliwa hawazihitaji tena."

Akasema hivyo hivyo, uso mweupe, akinichagulia kofia ya kumtosha Mfaume.

Mwanamume wa kwetu anaweza kumsahau mke safarini, kofia hasahau. Ile kofia mkewe kaishona miezi, kila kitundu anakijua. Atatoka kifungoni aende kwao kichwa wazi? Bila kanzu? Bila hirizi? Uchi?

Moyo ukanipasuka paa!

Maana nikaona. Huwezi kumnyonga mtu huku shingo yake imeunganishwa na wenzake kumi. Kitanzi utakitia wapi? Ni lazima kwanza umtoe kwenye mnyororo. Ni lazima umfungue.

Ombasha hakuwa mwongo. Kila Ijumaa alifungua watano, kweli tupu.

Na jina la ndugu yangu tulilipeleka sisi wenyewe, kwa kigelegele.

"Dada Mastura, unaumwa?"

"Saumu tu," nikasema. "Saumu imenishika."

Akaniamini. Akaondoka kwa shida, miguu imemvimba na ile mimba.

Sikumwambia mama. Ningemwambia angepiga ukelele wa kufika bomani. Nikajifunga kaniki nikatoka.

Alhamisi ndiyo siku ombasha aliyokuwa akishuka mjini mchana mapema kuchukua posho ya kambi. Nikamkuta amekaa kizingitini kwake, anaupaka mkanda wake mafuta.

"Hodi, Bwana Ombasha."

"Nani?"

"Mastura. Mfungua mikufu."

Akacheka. "Aa, fundi! Mke wangu amelala, miguu inamuuma. Kaka yako Mfaume, eh? Kesho mimi namfungua. Jina lake liko hapa." Akajigonga kichwani.

Nikapiga magoti.

"Nimekuja kukuomba asifunguliwe."

Mkono wake ukaacha kupaka.

"Unasema nini wewe?"

"Asifunguliwe, bwana. Abaki na wenzake."

Akageuka kutazama mlango wa chumbani, umewekwa pazia. Akanirudia mimi. Sauti ikashuka mpaka nikawa namsikia kwa taabu.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeifungua mikufu yako, ndiyo iliyoniambia."

Nilitegemea bakora. Badala yake akaanza kusema, kama mtu anayelalamika kwa mwenzake.

"Mimi sina chuki na mtu. Bwana mkubwa anasema nataka watano, mimi natoa watano. Nani na nani, haulizi. Nachagua mimi. Kila Alhamisi mimi silali, natafuta majina. Huyu ana watoto, huyu mzee, huyu mtoto. Wiki hii mke wangu akanipa jina moja, nikashukuru. Sasa wewe unalichukua."

"Nalichukua, bwana."

"Haya. Nipe lingine."

"Lingine lipi?"

"Jina. Watano ni watano."

Mungu wangu nisitiri. Kwenye mnyororo ule nilikuwa nawajua watu. Ningeweza kusema. Ulimi ulikuwa mdomoni, majina yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno.

"Sina jina," nikasema.

"Basi la kwako halitoki."

Akarudi kwenye mkanda wake. Akapaka mafuta.

Sikiliza, mie nina hasira za karibu, na hasira zile zimeniletea balaa maisha yangu yote. Siku ile tu ndiyo zilinifaa. Niliinuka pale chini nikamsogelea mpaka harufu ya mafuta ya mkanda ikaniingia puani.

"Mkeo anajua?"

Akalitazama tena lile pazia.

"Mkeo anapita mjini na tumbo lake, anatuambia mume wangu ana huruma, anawafungua watu. Anatuletea kofia! Sasa nisikilize, Bwana Ombasha. Kesho ukimfungua Mfaume, kesho hiyo hiyo naingia mle ndani namwambia Bi Samia maana ya neno lako. Ukitaka nipige risasi, lakini nitakuwa nimeshasema."

Akanyanyua mkono. Nikafumba macho.

Kibao hakikuja.

"Usimwambie," akasema. Nilipofumbua macho nikaona midomo inamtetemeka, lijitu lote lile na bunduki yake. "Ana mimba. Usimwambie."

"Ndugu yangu abaki."

"Abaki. Na wewe funga mdomo. Kwake, kwa mama yako, kwa kila mtu. Maneno ya mji yatafika kwake. Nikisikia limetoka, siku hiyo hiyo namfungua."

"Nimefunga."

Nikaondoka. Sijafika mbali nikakutana na Kijakazi. Kavaa vizuri, kajipaka na wanja. Mkononi ana mkufu wake wa harusi, kauzungusha vidoleni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Samia. Wewe si hutaki kunisemea? Najisemea mwenyewe."

Nikamshika mkono. "Kijakazi, rudi nyumbani. Usiombe afunguliwe."

"Nini?"

"Usiombe, shoga yangu. Nakuomba kwa jina la Mungu. Mwache Tawakali alipo."

Akanitazama juu mpaka chini.

"Kwa nini?"

Sasa niambie wewe, ningejibu nini? Kijakazi nampenda, ila siri kwake haikai hata ya kuku. Nikisema hapa, linamfikia Bi Samia kabla ya futari, na kesho Mfaume anakufa.

"Siwezi kukwambia. Niamini tu."

"Nikuamini!" Akaunyofoa mkono wake. "Wako anatoka kesho, wangu aozee mle? Ndiyo roho yako hiyo, Mastura? Tumekula sahani moja tangu utoto, kumbe unanionea kijicho!"

"Na wangu hatoki! Nimemwomba ombasha asimfungue!"

Likanitoka. Akarudi nyuma hatua, kashika kifua.

"Wewe ni mchawi," akasema, taratibu kabisa. Akaenda zake.

Nikamwona anabisha hodi, kizingitini ombasha hayupo tena. Nikamwona anaingia. Nilisimama pale njiani jua linaniwakia, namwomba Mungu Bi Samia awe amelala fofofo.

Alipotoka hakuwa na mkufu mkononi. Alikuwa anacheka peke yake.

Ijumaa ikapita. Jioni habari ikaja, watano wamefunguliwa. Mama akakaa mlangoni na kofia aliyoichagua Bi Samia mpaka futari ikapoa. Mfaume hakuja. Aliyekuja ni Kijakazi, akasimama uani kwetu akasema yote, mbele ya majirani.

"Muulizeni Mastura! Kaenda kwa miguu yake kumkatalia ndugu yake!"

Mama akanigeukia. "Kweli?"

"Kweli, mama."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikatazama chini.

"Maziwa yangu yakutokee puani," mama akasema.

Kijakazi yeye alikuwa na furaha yake. Tawakali kafunguliwa! Kaambiwa na Bi Samia mwenyewe. Akasema mumewe kapita Kipatimu kwa shangazi yake kujificha kidogo, Idi itamkuta nyumbani.

Idi ikaja, mwezi wa mfunguo mosi ukaisha, wa mfunguo pili ukaisha. Kila jioni nikawa namsikia kupitia ukutani anapakua chakula cha watu wawili. Muhogo wenyewe wa kuhesabu, na bado anamwekea mtu wa pili.

Na mie nikawa nakwenda kwa Bi Samia kama kawaida. Ningeacha angeuliza. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Siku ya kumtoa nje nilimvalisha mama yake ile mikufu mimi mwenyewe, mmoja mmoja, nikaifunga nyuma ya shingo. Akaniambia, "Mume wangu leo kafungua watano." Nikamjibu, "Mungu amzidishie." Nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Mvua za masika zilipokwisha kambi ikavunjwa. Waliobaki kwenye mnyororo wakapelekwa Lindi kubeba mizigo, na huko, baada ya muda, wakaachwa waende. Wengine walikufa njiani. Mfaume hakufa.

Aliingia mchana, amekonda, shingo imefanya sugu pande zote. Anatembea kakaza kichwa, hageuki, kama bado kuna mtu mbele na mtu nyuma.

Mama akamwangukia. "Mwanangu! Wamekufungua!"

Mfaume akaruka. Kweli aliruka, akajibana ukutani.

"Mama, neno hilo usilitaje humu ndani."

Halafu akatueleza. Jinsi walivyokaa wakisubiri Ijumaa. Jinsi ufunguo unavyolia. "Nyie huku mlikuwa mnatuombea tufunguliwe," akasema, "na sisi kule tunaomba tusifunguliwe. Sijui Mungu alikuwa anamsikiliza nani."

Akasema Ijumaa moja ya Ramadhani ombasha alisimama mbele yake na ufunguo, akamtazama sana, akampita. Akamfungua wa pili yake.

Wa pili yake alikuwa Tawakali.

Mama alikuja akakaa karibu yangu, akanishika kichwa akakiweka mapajani mwake. Mie nililia siku ile mpaka sauti ikakauka.

Mfaume ndiye aliyekwenda kwa Kijakazi. Tukasikia ukelele mmoja tu. Baadaye mwalimu wa chuo cha Kurani akaitwa, kwa sababu Kijakazi alitaka kukaa eda ya mjane. Mwalimu akauliza mume amekufa lini. Akapiga hesabu, akainamisha kichwa.

"Eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa, mwanangu. Yako imeshakwisha."

Hata siku moja ya kukaa ndani na msiba wake hakubakiziwa. Siku za eda yake zote alikuwa anapika.

Hapo nikasema, basi. Ndugu yangu yuko nyumbani, ahadi imekwisha. Leo nalitapika. Askari walikuwa wanahamishwa, nikamkuta Bi Samia anafunga mizigo, mtoto anatambaa chini kashika mkufu mdomoni.

"Bi Samia, nimekuja kukwambia jambo kuhusu mumeo."

"Najua," akasema.

"Hujui."

"Najua, dada Mastura. Siku ile uliyopiga magoti mlangoni, mie sikuwa nimelala."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Nilisikia yote. Nilisikia anakwambia nipe lingine, na wewe unasema huna." Alikuwa anakunja nguo za mtoto, hanitazami. "Nilikujua vizuri. Nikamjua na yeye. Ahadi alikupa, lakini asubuhi angekuwa na wanne, na Bwana mkubwa anataka watano, na jina la kaka yako lilikuwa tayari kichwani mwake. Angelirudia tu."

"Halafu?"

"Halafu yule jirani yako akaingia. Akaniwekea mkufu mapajani, akalia, akasema mama, mwambie amfungue mume wangu Tawakali." Akanyanyua macho. "Mie simjui yule. Hata salamu yangu hajawahi kuijibu. Wewe ndiye shoga yangu katika mji huu. Nikaenda nikampa mume wangu jina."

Mtoto akaanza kulia. Akamchukua akamweka titini.

"Hukunishukuru hata siku moja," akasema. Wala hakuwa ananikejeli. Alikuwa ameumia, kabisa, vile mtu anavyoumia kwa wema usioonekana.

Nilifungua kinywa nimlaani. Laana nilikuwa nazo, nimeziweka tangu Ramadhani.

Nikamkumbuka Mfaume, nimemwacha nyumbani anakunywa uji.

"Asante, Bi Samia," nikasema.

Hayo ndiyo yalinipata. Ukiniuliza mafunzo yake, nitakupa mawili. Ukisikia mtu kamwombea nduguye jambo lisiloeleweka, mwulize kabla hujamwita mchawi. Na wewe mwenyewe, kabla hujamwombea mtu wako heri kwa mwenye nguvu, mwulize mwenye nguvu heri hiyo kwake maana yake nini.

Kijakazi nilimweleza kila kitu, tangu mlango wa ombasha mpaka maneno ya Bi Samia. Nilitaka ajue aliyelipeleka jina si yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, shoga," akasema. "Mie nilikwenda mwenyewe, na wanja machoni."